Kosa Haliko Kwenye Jina Lako

Wamagana, Jumapili alasiri

Ndirangu mwanangu,

Usicheke kwanza. Najua nimekuzidi miaka miwili na miezi michache tu, na najua ukiona neno "mwanangu" utasema vitabu vimeniharibu kichwa. Lakini kwa desturi ya kwetu mimi nilipewa jina la cucu, nyanya yetu aliyemzaa mama, na wewe ukapewa jina la mjomba, mwana wa cucu. Kwa majina, mimi ndimi niliyekuzaa. Ndiyo sababu mama huniita "mami" akiwa na furaha. Na nilipokuwa na miaka mitano cucu alikuwa akikuweka kwenye mapaja yangu, miguu yako ikifika chini, akisema, "Shika mtoto wako." Nilimwamini, na sijaacha kumwamini hadi leo. Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda Nyeri mjini kufuma sweta za shule, akirudi giza limeingia. Aliyekufunga vifungo na kukupangusa pua ni mimi.

Sasa uko kwa kinyozi na mama amekwenda mjini kumalizia shingo ya sweta yako. Nina kama saa mbili hivi. Mambo ya sabuni, blanketi na kufuli nimeyaandika kwenye karatasi iliyo juu ya sanduku, kwa hiyo hapa sitayagusa. Hapa nataka kukuambia jambo ambalo nikijaribu kulisema kwa mdomo nitachanganya maneno, nawe utaniambia, "Haya basi, Wangechi, nimeskia," na utoke nje.

Alhamisi nilikuwa nyuma ya zizi nikimkatia ng'ombe majani. Wewe na Maina mlikuwa upande wa pili wa ua. Sikukusudia kusikiliza, lakini nilipoanza sikuweza kuacha.

Maina alisema, "Wee Samu, utaingia shule ya wanaume ukiwa kihii, hujatahiriwa? Hao watu watakumaliza. Watakuuliza ulitahiriwa mwaka gani, na nani, wapi, na makovu watataka kuona."

Wewe ukasema, "Nyamaza. Niko na mpango."

"Mpango gani na mamako alikataa Desemba?"

"Shule si iko karibu na Kenol? Binamu yako alisema kuna mzee hapo anafanya kwa nyumba. Haulizi barua ya mzazi. Likizo fupi ya kwanza, naenda, narudi shule Jumatatu, nimemaliza."

Kisha Maina, ambaye huwa namwona hana akili, akauliza swali la maana kuliko maswali yote aliyowahi kuuliza maishani mwake. "Na ile damu yako?"

Ukacheka. "Hiyo ilikuwa ya jina. Si walinitoa hilo jina? Tangu niitwe Samweli umewahi kuskia nimelazwa?"

Niliangusha panga kwenye majani. Nilikaa chini palepale, na ng'ombe akaanza kula mzigo kutoka mikononi mwangu. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Kila nikifumba macho naiona nyumba moja huko Kenol ambayo sijawahi kuiona, ina mlango wa kijani, sijui kwa nini wa kijani, nawe umekaa ndani na hakuna mtu anayejua uko wapi.

Ulilolisema kuhusu jina, sisi ndio tuliokufundisha. Kwa hiyo lazima tukuondolee wenyewe, na naanza na sehemu yangu.

Unakumbuka jino? Ulikuwa na miaka minane. Jino la juu lilikuwa likilegea, ukawa unalisukuma kwa ulimi mchana kutwa hadi nikachoka kukuona. Mama alikuwa ameniambia, "Mami, hiyo jino usiguse, itatoka yenyewe." Mimi nikachukua uzi wa sweta, nikafunga jino upande mmoja na komeo la mlango upande wa pili, nikapiga mlango teke. Jino likatoka. Tukalirusha juu ya mabati na wewe ukacheza ngoma uani. Damu ikatoka kidogo, ikatoka tena, na haikuacha. Adhuhuri ilikuwa inatoka. Saa kumi ilikuwa bado inatoka, pole pole, kama mfereji uliokosa kufungwa vizuri. Shati lako lilipolowa nilikuvua nikalifua kwa maji baridi. Nikakuambia umeze, usiteme, ili pasionekane. Nikakuambia, "Usimwambie mtu."

Mama aliporudi akaona doa kwenye kola. "Hii ni nini?"

Nilisema, "Amekula matunda damu."

Ilikuwa msimu wake, mti ule wa kando ya tangi ulikuwa umejaa, na maji ya matunda yake ni mekundu. Mama akaamini. Wewe ukanitazama, mdomo umefunga, mashavu yamejaa, na hukusema kitu, kwa sababu mimi ndimi niliyekuambia usiseme. Asubuhi ulitapika vitu vyeusi kama majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio, na hukuweza kusimama.

Nimelifikiria tunda lile mara nyingi. Sikusema uongo kwa sababu nilikuwa mbaya. Nilikuwa mwoga. Niliogopa kugombezwa zaidi ya nilivyoogopa damu, kwa sababu kugombezwa nilikuwa nakujua na damu nilikuwa siijui.

Hospitalini Nyeri daktari alimwuliza mama, "Kuna mwanamume yeyote upande wako aliyewahi kuvuja damu namna hii?" Mama akajibu, "Hapana." Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikishika viatu vyako. Siku chache baadaye ndipo nilipojua kwamba mama naye, siku ile, alikuwa na tunda lake.

Mjomba Ndirangu alikufa Desemba akiwa na umri kama wako sasa. Alitahiriwa pamoja na rika lake. Wengine walipona, wakaanza kutembea na shuka zao barabarani wakiimba, na yeye aliendelea kuvuja siku ya pili na ya tatu. Mama alikuwa na miaka tisa, alitumwa kuchota maji ya kufulia matambara. Watu walisema kijana amevunja sharti fulani. Wengine walisema ni mwoga, na damu ya mwoga haikai. Cucu alisadiki kwamba ni kosa lake, kwamba kuna mbuzi wa sherehe ambaye hakuchinjwa. Mjomba alipozikwa, nyumba nzima iliacha kumtaja.

Kisha ukazaliwa wewe. Mama hakuolewa, kwa hiyo majina yetu yalitoka upande wake, na kwa haki ulikuwa upewe jina la guka, baba yake. Guka ndiye aliyekataa. Nilisimuliwa alivyosema: "Mimi nimeishi, jina langu limetembea. Mpeni la kijana wangu. Alikwenda bila mtoto wa kumrudisha." Guka alikupa nafasi yake mwenyewe. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kukuambia hilo.

Kwa hiyo ulipotapika damu, unaweza kuona walichofikiri. Tuliporudi kutoka hospitalini mama na cucu walikaa jikoni, mimi nikiwa nyuma ya mlango kama kawaida yangu. Mama alisema, "Tulimrudisha na damu yake." Cucu akasukuma kuni ndani. Mama akasema, "Sitazika hilo jina mara mbili." Wiki iliyofuata tukaenda shuleni na mwalimu akafuta "Ndirangu" kwenye rejista, ukabaki na jina la ubatizo peke yake. Mimi niliipenda kazi hiyo. Mtoto wa jirani alipokuita Ndirangu nilimpiga kwa sufuria. Nilikuwa na kalenda nikiweka alama kila siku ambayo hukuvuja, na kila alama ilikuwa ushahidi wangu kwamba jina ndilo lilikuwa na makosa. Sikuweka alama siku ambazo goti lako lilivimba. Goti, nilisema, ni mpira.

Goti halikuwa mpira, mwanangu. Ilikuwa damu, ikivuja ndani ambako hatuioni.

Nilianza kuelewa nilipofika kidato cha tatu, tulipofundishwa DNA. Mwalimu wetu alichora ngazi iliyopindwa ubaoni na darasa zima likasinzia, lakini mimi nilikuwa naliona daftari la mama.

Unalijua lile daftari. Lina sweta za shule zote, kila ukurasa umejaa namba za mishono, na mama halitoi kwenye sanduku la bati hata kidogo. Mtu akitaka kufuma, mimi nafungua sanduku, nanakili ukurasa mmoja kwenye karatasi, nafunga sanduku. Karatasi ndiyo inayokwenda kwenye mashine. Ikilowa au ikichanika, tunanakili nyingine.

Karibu kila seli ya mwili wako ina sanduku kama lile, linaitwa kiini. Ndani mna DNA, nyuzi mbili ndefu sana zilizosokotana, na zimeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, C na G. A hushikana na T, C hushikana na G, ndiyo maana uzi mmoja ukiwepo, wa pili unaweza kuandikwa upya kwa kuutazama wa kwanza. Ukurasa mmoja wa maandishi hayo huitwa jeni. Seli ikihitaji kitu, DNA yenyewe haitoki nje. Ukurasa mmoja hunakiliwa kwenye RNA, ambayo ni kama karatasi yangu, na karatasi hiyo hutoka kwenye kiini hadi kwenye mashine ndogo iitwayo ribosomu. Ribosomu husoma herufi tatu, kisha tatu, kisha tatu. Kila tatu huita asidi amino moja, kama mama anaposema "nipe bluu, nipe bluu, sasa nipe nyeupe", na mimi namkabidhi. Asidi hizo huunganishwa moja baada ya nyingine hadi zifike mahali palipoandikwa basi, simama. Mnyororo huo hujikunja wenyewe ukapata umbo, na hiyo ndiyo protini. Umbo ndilo kazi yake. Kuna protini za misuli, za nywele, na moja ndefu ambayo kazi yake ni kusaidia damu kuganda mahali palipokatika.

Sasa unakumbuka zile sweta za mikono ya ajabu? Nilinakili vibaya. Daftari lilisema mishono hamsini na sita kwenye kifundo, nami nikaandika thelathini na sita. Tarakimu moja. Zikafumwa sweta nyingi sana kabla mtu hajajaribu kuvaa. Mama alichukua moja akaingiza vidole viwili, mkono ukakataa kupita. Akanitazama. "Mami, hii ni mkono ya mtoto ama ya kuku?" Wanawake wote wa chumba kile wakacheka, hata mimi, ingawa nilikuwa nataka kulia. Kisha nikafungua sanduku, nikanakili upya, na sweta zikatoka sawa.

Karatasi ikikosewa unarudi kwenye daftari. Lakini fikiria kama kosa lingekuwa kwenye daftari lenyewe. Ningenakili kwa uangalifu wote wa dunia, na kila karatasi ingetoka na kosa lilelile. Mashine ingefuma kwa uaminifu mkono wa kuku kila siku, miaka yote, na hakuna mfumaji ambaye angelaumiwa.

Hivyo ndivyo ulivyo. Ukurasa wa ile protini ya kugandisha damu, kwako, una kosa. Pengine ni herufi moja iliyobadilika, ikaita asidi isiyofaa, au ikaandika "simama" kabla ya wakati. Hatujui ni ipi, hapa kwetu hawajaupima kwa undani huo. Tunachojua ni kwamba protini hiyo unatengeneza kidogo mno. Jina la hali hiyo, lile waliloandika kliniki, ni hemofilia. Damu yako si chafu wala si ya mwoga. Imepungukiwa na kitu kimoja, na kitu hicho kipo kwenye chupa hospitalini, na kwa sindano kinaingia.

Ukurasa huo uko kwenye kromosomu iitwayo X. Wasichana tuna X mbili, yaani daftari mbili, moja ikikosewa nyingine kwa kawaida inatosha. Nyinyi wavulana mna X moja, mliyopewa na mama. Cucu alikuwa na moja nzuri na moja yenye kosa, bila kujua. Mjomba akapewa yenye kosa. Mama pia akapewa yenye kosa, lakini alikuwa na ya pili ya kumsaidia. Nawe ukapewa ile ile. Mjomba Ndirangu alikuwa ameshapewa kabla hajapewa jina. Wewe pia. Guka alipokuwa akisema maneno yake mazuri kando ya kitanda, ulikuwa umeshaandikwa miezi tisa.

Nimetafuta kwenye kitabu mahali ambapo jina linaingia. Hakuna. Seli haisomi rejista ya shule. Kama ingekuwa jina, basi Ndirangu mwenye duka la chakula cha ng'ombe angekuwa amekufa zamani. Yule mzee hujikata kwa wembe kila Jumamosi akinyoa ndevu, anabandika kipande cha gazeti kidevuni na kwenda zake sokoni.

Nilipoelewa hayo nilifanya kosa jingine, na hili ndilo linaniuma kuliko la jino. Agosti, wakati wa likizo, nilishuka kwa cucu na kitabu changu mkononi nikiwa na furaha kama mtu aliyeokota kitu. Nilimkuta akichambua maharagwe. Nikamweleza kila kitu, daftari, karatasi, X mbili. Alisikiliza vizuri, unamjua. Nilipomaliza vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye maharagwe, kisha akasema, "Kwa hivyo ni mimi nilimuua."

Nilikuwa nimekwenda kumwondolea mbuzi yule wa sherehe, nikamwekea mzigo mzito zaidi. Nikasema "hapana, cucu" kama mara tatu, nikakimbia nyumbani. Ndiyo, nilikimbia. Nilikaa siku nne bila kushuka kwake. Maandishi yote niliyokuwa nayo hayakuwa na sentensi moja ya kumwambia mwanamke aliyefiwa.

Siku ya tano nilirudi bila kitabu. Nikachambua naye maharagwe. Baada ya muda nikamwuliza, "Cucu, hiyo pua yako ulichagua?"

Akasema, "Wee! Ningechagua hii?"

"Nani alikupa?"

"Mama yangu. Na yeye alipewa na wake. Sisi wote tuko nayo, hata wewe usijione."

"Na hii nyingine pia ulipewa. Hukuandika wewe. Ulinakili tu ulichopewa."

Akaokota jiwe kwenye ungo akalitupa. Kisha akasema, "Basi yule mbuzi..."

"Mbuzi hakuwa na neno, cucu."

Akaweka ungo chini akalia. Sijawahi kumwona akilia namna ile, bila kujificha. Alimlilia mjomba kwa jina lake, mara nyingi, kana kwamba alikuwa amekatazwa na sasa ameruhusiwa. Na mimi nikagundua jambo ambalo labda wewe umelijua siku zote. Tangu tulipofuta jina lako, cucu hakuwahi kukuita Samweli hata siku moja. Anakuita "wewe", anakuita "kijana", anasema "uko hapo?" Miaka saba amekuwa akizunguka jina lako kama mtu anayezunguka shimo.

Yote haya ndiyo yaliyonifanya niangushe panga Alhamisi. Wewe unaenda Kenol ukiamini kwamba kosa lilifutwa kwenye rejista pamoja na jina. Halikufutwa. Uko nalo sasa hivi hapo kwa kinyozi, kwenye karibu kila seli ya mwili wako. Natumaini kinyozi ana mkono mwepesi.

Nimefanya mambo matatu, na sikukuuliza.

La kwanza, Ijumaa nilipiga simu kliniki ya damu, ile tunayokwenda kwa ajili ya goti. Unajua jinsi simu inavyonitesa, niliandika maneno yote kwanza kwenye karatasi na bado nikasahau kusema jina langu. Nesi alisema kutahiriwa kunawezekana kabisa kwa mtu kama wewe, ila iwe hospitalini, siku iliyopangwa, ukiwa umechomwa sindano ya dawa ya kugandisha kabla na kwa siku kadhaa baadaye. Alisema tutapangiwa siku katika likizo ya Aprili. Huhitaji mzee asiyeuliza maswali. Unahitaji mtu anayeuliza maswali mengi sana.

La pili, nilizungumza na mama. Sikumwambia habari za Kenol, hiyo nimekuachia. Nilimwambia ya Aprili tu. Alisimamisha mashine. "Mami, nilifua yale matambara na mikono yangu. Unajua hiyo?" Nikasema najua. Nikamweleza ya sindano, nikaeleza tena, nikarudia mara ya tatu. Hatimaye akauliza, "Na nani ataenda na yeye?" Nikasema mimi. Akatikisa kichwa. "Msichana?" Nikasema najua msichana hawezi kumsimamia mvulana siku hiyo, atatafutwa mwanamume wa kuingia naye, lakini hakuna desturi iliyokataza msichana kukaa kwenye benchi nje na kitabu. Akarudi kwenye mashine akafuma mistari kumi hivi. Kisha akasema, "Ubebe leso. Benchi za huko ni baridi."

La tatu ndilo utakalonichukia. Ulipokuwa darasa la saba nilikuapia kwamba sitamwambia mtu yeyote wa shule yako kuhusu damu. Nimekivunja kiapo hicho. Jana nilimpigia simu matroni wa shule yako mpya, nikamwambia kila kitu, na barua ya daktari inayoeleza hali yako nimeipiga picha nikamtumia. Ile barua halisi niliikuta chini ya godoro lako. Nilikuwa nimeiweka sandukuni Jumatano, na mtu pekee anayeweza kuwa ameitoa ni wewe. Sasa iko mezani chini ya barua hii. Nakuomba uirudishe sandukuni kwa mkono wako. Matroni anajua, hilo limekwisha na huwezi kulirudisha nyuma. Wanafunzi wenzako hawajui, na hao sitawaambia mimi. Utachagua mwenyewe utamwambia nani na lini. Lakini mmoja angalau, Ndirangu. Mmoja anayelala kitanda cha karibu, ili siku ukianguka usiku asifikiri ni matunda damu.

Kama umekasirika, nimekubali. Afadhali likizo fupi urudi hapa hunisemeshi, unapita kwenye mlango ukiwa umenuna, kuliko kile ninachokiona nikifumba macho. Miaka saba iliyopita nilichagua ukae kimya ili nisigombezwe. Safari hii nimechagua kugombezwa.

Na kwa kuwa nakuambia uwe jasiri, nikuambie nami sijawa. Mama ana daftari mbili na alinipa moja, na sijui ni ipi. Ni kama kurusha sarafu ambayo imeshaanguka chini, na mimi nimeifunika kwa mguu. Nesi aliniuliza kama nataka kupimwa. Nikasema nikimaliza mtihani wa kidato cha nne. Hiyo ilikuwa sauti ile ile iliyosema amekula matunda damu, niliitambua mara moja. Kwa hiyo Aprili, wewe ukiwa ndani, mimi nitanyoosha mkono wangu wachukue damu. Nimeandika hapa ili nisiweze kukana.

Nasikia lango. Ni mama, nasikia pia mfuko wa plastiki, sweta imekuja. Nitaacha barua hii mahali utakapoiona ukirudi.

Kesho asubuhi cucu atapanda hapa kabla hujaondoka. Tumezungumza. Tangu Agosti amekuwa akijizoeza akiwa peke yake shambani, ananiambia ulimi wake ulikuwa umesahau njia. Atasimama mlangoni, atalisema jina lako kwa sauti, mbele ya mama, na mama ameahidi hatamzuia. Cucu anaogopa. Ameniuliza mara mbili, "Na asipoitikia?"

Utakapomsikia, mwanangu, itikia.

Ni mimi,
Wangechi, anayekaa na jina la mama yake mama